Lisemwalo Lipo? Marie Antoinette na Waandishi wa Mapenzi Yake

Waswahili husema: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumpa kinga msambaza uvumi, na kwa sababu hiyo nusu yake ya kwanza ndiyo hukumbukwa zaidi. Nusu ya pili huachwa ipite, ilhali ndiyo yenye onyo. Inakiri kwamba neno laweza kutangulia jambo, na kwamba kule kusemwasemwa kwenyewe kwaweza kulizaa hilo lisemwalo.

Vitabu vingi vya wasifu wa wafalme na malkia wa Ulaya vimeandikwa kwa kushika nusu ya kwanza peke yake. Ikiwa watu wa zama zake walisema malkia fulani alikuwa na hawara, basi lazima palikuwa na jambo. Kazi ya mwandishi inabaki kuchagua hawara yupi kati ya wanaotajwa. Kisa cha Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa aliyeuawa mwaka 1793, kinafaa kuipima kanuni hiyo kwa sababu wasemaji wa kila aina wamepita humo: mtunga matusi wa kulipwa, mhudumu mwaminifu, mghushi wa barua, mfuasi wa saikolojia, na katika miaka ya karibuni mwanasayansi mwenye mashine ya eksirei. Wote wameulizwa swali moja, yaani malkia alilala na nani. Makala haya yanauliza jingine: kila mmoja wao alipata nini kwa kusema, na swali hilo moja limeficha nini.

Ndoa ya madola

Maria Antonia alizaliwa Vienna tarehe 2 Novemba 1755, binti wa Maria Theresa, mtawala wa milki za Habsburg. Tarehe 16 Mei 1770, akiwa na umri wa miaka 14, aliozwa Louis-Auguste, mrithi wa kiti cha Ufaransa, aliyekuwa na miaka 15. Ndoa hiyo ilikuwa muhuri wa mapatano kati ya madola mawili yaliyokuwa mahasimu wa muda mrefu, na bibi arusi alitarajiwa jambo moja, kuzaa mrithi. Kwa miaka 7 jambo hilo halikuwezekana, kwa kuwa ndoa yenyewe ilikuwa haijakamilika chumbani.

Uvumi ulipata mlango hapo, nao haukulazimika kunyata. Habari za chumba cha kulala cha wafalme zilikuwa habari za serikali. Balozi wa Austria mjini Paris, Mercy-Argenteau, alimpelekea Maria Theresa taarifa za siri kuhusu mwenendo wa binti yake, nyingine akizipata kwa watu waliomhudumia. Mama naye alimkaripia binti kwa barua, na binti hakujua ni nani hasa aliyekuwa akimchongea. Mwaka 1777 kaka yake, Kaisari Joseph II, alikwenda Ufaransa, akazungumza na shemeji yake bila kumumunya maneno, kisha akamwandikia ndugu yao Leopold kwa lugha ambayo hata leo haisomeki mbele ya wazee. Ndoa ikakamilika mwaka huohuo, na mtoto wa kwanza, Marie-Thérèse, akazaliwa Desemba 1778.

Ushahidi huu ni wa nadra katika historia ya ndoa za kifalme. Waliouandika walitaka kujua kweli ili wapate kuitatua, na barua zao hazikukusudiwa kuchapishwa. Hata hivyo, nao unataka uangalifu. Balozi anayelipwa kwa ajili ya habari hawezi kuandika kila wiki kwamba hakuna habari. Humlazimu aonyeshe kwamba hatari ipo na kwamba yeye ndiye anayeizuia. Waandishi wengi wanaomnukuu Mercy husahau kuuliza Mercy mwenyewe alihitaji malkia wa namna gani.

Soko la matusi

Wakati ambapo barua hizo zilisafirishwa kwa siri, vijitabu vya namna nyingine viliuzwa chini ya meza. Mwaka 1779 kilitoka kijitabu cha mashairi kilichoitwa Les Amours de Charlot et Toinette, kilichomdhihaki mfalme kuwa hana nguvu za kiume na kumpa malkia hawara, naye ni shemeji yake mwenyewe, Kaunti wa Artois. Vingine vilifuata, na kufikia mwaka 1789 vilikuwa vimeenea sana. Orodha ya mahawara ilirefuka: wanaume wa baraza, askari wa ulinzi, kisha rafiki zake wa kike, Binti Mfalme de Lamballe na Bibi de Polignac. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Msomaji akiviweka vijitabu hivyo pamoja ataona kwamba vinapingana, na kwamba waandishi wake hawakujali kupingana.

Uhakiki unaweza kufanya hapa kazi ambayo historia peke yake huichelewesha. Vijitabu hivi ni utanzu, wenye wahusika wake wa kudumu, mandhari yake ya kudumu na mpangilio wake wa matukio. Kabla ya Marie Antoinette, aliyewekwa katikati ya utanzu huo alikuwa Bibi du Barry, kimada wa Louis XV. Louis XV alipofariki Mei 1774 kiti kilibaki wazi, na kwa kuwa mfalme mpya hakuwa na kimada, malkia ndiye aliyekalishwa. Kwa hiyo mengi yaliyosemwa juu yake yalikwisha kutungwa kabla hajatawazwa; kilichobadilika ni jina.

Utanzu huo ulikuwa pia na uchumi wake. Baadhi ya waandishi walikaa London, mbali na polisi wa Ufaransa, na walichouza hasa ni ukimya. Charles Théveneau de Morande aliandika kitabu dhidi ya du Barry, na mwaka 1774 Beaumarchais, mwandishi mashuhuri wa tamthilia, alitumwa kumlipa ili nakala ziteketezwe. Mwaka huohuo Beaumarchais akatumwa tena, safari hii kuzuia kijitabu dhidi ya malkia mpya. Alirudi na hadithi ya ajabu ya kumfukuza mchapishaji hadi Ujerumani na kushambuliwa na majambazi njiani, hata alipofika Vienna wakubwa wa huko walimshuku wakamweka kizuizini. Wapo wanahistoria wanaoshuku kwamba mchapishaji huyo hakuwapo, na kwamba kijitabu chenyewe kilikuwa mradi wa Beaumarchais. Kama ndivyo, basi hapa pana tusi lililouzwa kwa aliyetukanwa na mtu aliyelipwa kulizuia.

Kashfa ya mkufu wa almasi ilionyesha nguvu ya soko hilo. Jeanne de La Motte alimshawishi Kadinali de Rohan kwamba malkia anataka kwa siri mkufu wenye thamani ya livre 1,600,000. Usiku mmoja wa Agosti 1784, katika bustani ya Versailles, kadinali alikutanishwa gizani na mwanamke aliyedhani ni malkia. Kumbe alikuwa Nicole Le Guay, msichana wa Paris aliyekodiwa kwa kufanana naye. Barua alizopewa zilitiwa saini ya “Marie Antoinette de France”, ingawa malkia wa Ufaransa hutia saini kwa jina lake la ubatizo tu, na kadinali wa nasaba kubwa kama yake alipaswa kulijua hilo. Tarehe 31 Mei 1786 mahakama ilimwachilia kadinali na kumhukumu Jeanne achapwe viboko, atiwe chapa ya moto na kufungwa.

Malkia hakuwa mshtakiwa katika kesi hiyo. Mkufu alikuwa amekwisha kuukataa ulipoletwa kwake waziwazi. Hata hivyo, kumwachilia kadinali kulikuwa na maana moja: mahakama ilikubali kwamba mtu mwenye akili timamu aliweza kuamini kwamba malkia wa Ufaransa hukutana na wanaume bustanini usiku. Uvumi wa miaka 10 ulikuwa umegeuka utetezi halali. Jeanne alitoroka gerezani mwaka 1787, akafika London, na mwaka 1789 akachapisha kumbukumbu zake, zenye madai mapya ya mahaba. Kitabu cha mghushi aliyehukumiwa kikawa chanzo cha wale waliotaka kumjua malkia.

Uvumi kizimbani

Kesi ya malkia mwenyewe ilianza tarehe 14 Oktoba 1793. Hati ya mashtaka iliyoandaliwa na Fouquier-Tinville ilimfananisha na Messalina, Brunehaut, Frédégonde na wanawake wa ukoo wa Medici. Majina hayo hayakuwa ushahidi wa jambo lolote. Yalikuwa ule utanzu wa vijitabu, sasa ukisomwa mahakamani. Kisha Hébert, mhariri wa gazeti la Le Père Duchesne, akatoa madai kwamba mshtakiwa alimharibu mwanawe wa kiume wa miaka 8. Malkia alinyamaza. Mmoja wa wazee wa baraza alipotaka ajibu, alisema kwamba maumbile yenyewe yanakataa kujibu shtaka kama hilo kwa mama, akawageukia akina mama waliokuwemo ukumbini awe na wao mashahidi wake. Ukumbi ulitikisika, lakini hukumu haikubadilika. Aliuawa tarehe 16 Oktoba.

Watafiti kama Lynn Hunt na Chantal Thomas wameyasoma maandishi hayo upya na kuonyesha kwamba mwili wa malkia ulitumiwa kujadili jambo kubwa zaidi, yaani nafasi ya mwanamke yeyote katika mambo ya umma. Mfuatano wa tarehe unawaunga mkono. Tarehe 30 Oktoba 1793, wiki mbili baada ya kifo chake, Bunge la mapinduzi lilipiga marufuku vyama vya kisiasa vya wanawake. Tarehe 3 Novemba aliuawa Olympe de Gouges, aliyekuwa ameandika tamko la haki za wanawake. Tarehe 8 akafuata Bibi Roland, ambaye hakuwa na urafiki wowote na malkia.

Lakini liko jambo ambalo watetezi wa malkia hupenda kulipita haraka. Mwezi Machi 1792, vita vikiwa vinakaribia, Marie Antoinette alimpelekea Mercy habari za mipango ya kijeshi ya serikali ya Ufaransa, ili ziwafikie Waaustria. Jambo hilo liko katika barua zake mwenyewe. Mashtaka ya usaliti, kwa hiyo, hayakuwa uzushi. Waendesha mashtaka walilishuku, ila hawakuwa na barua hizo mkononi. Ushahidi wa kosa la kweli haukuwepo mahakamani. “Ushahidi” wa kosa la uongo ulikuwa umejaa mitaani kwa zaidi ya miaka 10, umechapishwa na una picha. Walitumia ulioko. Hivyo, uvumi ulimdhulumu mshtakiwa, na papo hapo ukaidhulumu historia, kwa kuwa kwa miaka mingi baadaye ilitosha kuuonyesha uongo wa Hébert ili malkia aonekane hana kosa lolote.

Wasafishaji

Ufalme uliporudi Ufaransa, upepo uligeuka. Mwaka 1822 zilichapishwa kumbukumbu za Bibi Campan, aliyekuwa mhudumu wa chumba cha malkia. Kitabu hicho kina mambo mengi ya thamani kuhusu desturi za Versailles, lakini mwandishi wake alikuwa na deni la kulipa: wakati wa Napoléon alipewa uongozi wa shule na heshima, na baada ya mwaka 1815 watu wa mfalme walimtilia shaka. Malkia asiye na doa alikuwa pia hati ya uaminifu wa mhudumu wake. Mwaka 1858 ndugu wawili wa Goncourt wakatoa wasifu uliomfanya karibu mtakatifu.

Tamaa ya kumsoma mtakatifu huyo kwa maneno yake mwenyewe ilizaa soko jipya. Mwaka 1864 Hunolstein na Feuillet de Conches, kila mmoja kivyake, walichapisha makusanyo ya barua za malkia. Zilisomeka vizuri mno. Binti wa miaka 14 aliandika humo kwa busara ya mtu mzima, naye hakukosea chochote. Mwaka uliofuata Alfred von Arneth alichapisha barua halisi kutoka hifadhi ya Vienna, na Heinrich von Sybel akaonyesha kwamba nyingi za zile zilizotoka Paris zilikuwa za kughushi: barua halisi za msichana yule zilikuwa na mwandiko mbaya na makosa ya mtu aliyefunzwa kwa haraka.

Walioghushi barua hizi walitaka kumpenda, ilhali Rétaux de Villette, aliyeghushi zile za mkufu, alitaka kumtumia. Kwa mhakiki tofauti hiyo ni ndogo. Pande zote mbili zilimwandikia maneno kwa sababu maneno yake mwenyewe hayakutosheleza haja zao.

Chumba cha kulala kama chanzo cha mapinduzi

Mwaka 1932 Stefan Zweig alichapisha wasifu ambao bado unasomwa kuliko wowote, na ndani ya jina lake la Kijerumani alimwita malkia mtu wa tabia ya wastani. Kitabu kina sifa mbili kubwa. Kinakataa malaya wa vijitabu na mtakatifu wa Goncourt kwa pamoja, na kinaeleza upesi na kwa nguvu jinsi mtu wa kawaida anavyokuzwa na msiba. Zweig alikuwa amemsoma Freud na kumheshimu, na hapo ndipo penye udhaifu. Ile miaka 7 ya ndoa isiyokamilika anaigeuza ufunguo wa kila mlango: kamari, mavazi, vito, usiku wa dansi, dharau ya raia, na mwisho kuanguka kwa dola.

Takwimu za hazina zinasema jingine. Katika makadirio ya matumizi ya serikali ya mwaka 1788, gharama za baraza zima la kifalme zilikuwa karibu asilimia 6. Malipo ya madeni, ambayo sehemu kubwa ilitokana na vita vikiwemo vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza, yalikaribia nusu. Malkia alifuja, lakini hazina ilikwisha kuzama kwa uzito mwingine. Zweig hakuwa mzushi, wala hakumchukia aliyemwandika. Alichofanya ni kulipokea swali la watunga vijitabu na kulijibu kwa huruma badala ya matusi. Swali lenyewe, kwamba siri ya Ufaransa imo katika kitanda cha malkia, alilikubali.

Wino wa Fersen

Mtu ambaye Zweig na waliomfuata wanamtaja kuwa mpenzi wa kweli ni Hans Axel von Fersen, kaunti wa Uswidi aliyezaliwa mwaka mmoja na malkia. Walikutana mara ya kwanza Januari 1774 kwenye dansi ya vinyago mjini Paris. Alipigana Marekani, akarudi, na Juni 1791 ndiye aliyepanga familia ya kifalme itoroke. Aliendesha gari la farasi mwenyewe katika hatua ya kwanza ya safari iliyoishia kukamatwa Varennes. Baada ya hapo waliandikiana kwa siri, mara nyingi kwa herufi za fumbo.

Barua hizo zilichapishwa mwaka 1877 na 1878 na Klinckowström, mjukuu wa ndugu yake Fersen, zikiwa na nukta mahali ambapo maneno yalikuwa yamefutwa kwa wino mzito. Kwa zaidi ya miaka 100 wengi walimshuku Klinckowström huyo kwamba ndiye aliyefuta ili kulinda jina la ukoo. Hatimaye barua zilinunuliwa na Hifadhi ya Taifa ya Ufaransa, na Oktoba 2021 kundi la watafiti lilitangaza matokeo ya kuzichunguza kwa miale ya eksirei. Wino wa juu na wino wa chini hutofautiana kwa kiasi cha shaba na zinki kikilinganishwa na chuma, na kwa tofauti hiyo mwandiko wa chini waweza kusomwa. Kati ya barua 15 zilizochunguzwa, 8 zilisomeka. Yalipatikana maneno ya mapenzi: mpendwa, rafiki mwema, kuabudu, kupenda hadi wazimu. Ikabainika pia kwamba wino uliofuta ni wa Fersen mwenyewe. Mjukuu aliyeshukiwa miaka yote hiyo hakuwa na hatia ya kufuta.

Magazeti mengi yaliichukua habari hiyo kama hukumu ya mwisho. Lakini barua zilizosomeka zinaonyesha kile zinachokisema, wala si zaidi: kwamba watu wawili waliokuwa hatarini waliandikiana kwa maneno ya mapenzi makubwa mwaka 1791 na 1792. Kilichotokea mwaka 1783 au 1784 hakimo humo. Wapo waandishi wa wasifu wanaokwenda mbele na kudai kwamba mtoto wa pili wa kiume, Louis-Charles, aliyezaliwa Machi 1785, alikuwa wa Fersen, kwa hesabu ya miezi 9 tangu Fersen alipofika Versailles na mfalme wake kiangazi cha 1784. Mwaka 2000 moyo uliohifadhiwa wa mtoto huyo ulipimwa vinasaba, na wapo wanaoutaja upimaji huo kana kwamba ulilihusu swali la baba. Kilichopimwa ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto huvipata kwa mama. Vilithibitisha nasaba ya mama. Juu ya baba havina la kusema. Ni waandishi haohao ambao humpitia kwa sentensi moja Eléonore Sullivan, mwanamke aliyekuwa na uhusiano na Fersen miaka hiyohiyo, kwa kuwa riwaya haina nafasi yake.

Yaliyoachwa bila kufutwa yana uzito kuliko yaliyofutwa. Fersen alificha maneno ya mapenzi na kuacha siasa isomeke: mipango ya kuyaleta madola ya nje, fedha, wajumbe, hesabu za majeshi. Fersen alishiriki katika maandalizi ya tamko la Brunswick la Julai 1792, lililotishia kuangamiza Paris familia ya kifalme ikiguswa, na ambalo liliharakisha kuanguka kwa ufalme uliokusudiwa kuokolewa. Yeye alitaka wasomaji wa baadaye wazione barua hizo kama kazi ya dola iliyofanywa na malkia mwenye akili ya kisiasa, nzuri au mbaya. Wasomaji wakaziruka kurasa zinazosomeka ili kuitazama ile mistari myeusi.

Kipimo cha msomaji

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda Versailles ili kuutambua mwenendo huu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza elimu ya watoto wa kike, kifo cha mama yake, na jinsi alivyokuwa mwandishi wa barua wa kundi la Barghash katika njama ya mwaka 1859 dhidi ya Majid. Ni msichana wa chini ya miaka 20 aliyeshika kalamu ya uasi. Lakini anayetajwa barazani, na katika vitabu vingi pia, ni yule aliyemtorokea mfanyabiashara wa Hamburg mwaka 1866. Kutoroka kulikuwepo. Dhuluma iko katika kulifanya jambo moja la kweli liyameze mengine yote.

Kutoka katika kisa cha Ufaransa msomaji anaweza kujipatia vipimo vichache. Aulize chanzo kilimfaidia nani, akikumbuka kwamba sifa nazo huuzwa. Aulize kama habari ilikuwepo kabla ya mtu inayemhusu, kama matusi ya du Barry yalivyokuwepo. Atofautishe kinachosemwa na hati na kinachotamaniwa na anayeisoma. Na mwandishi wa wasifu akimweleza mapenzi kwa sura tatu na siasa kwa aya moja, aulize ni nini kilichokuwa kwenye sura zilizokosekana. Vipimo hivyo havitamsafisha Marie Antoinette. Vitamrudishia makosa yake halisi, na hiyo ni heshima ambayo vijitabu na riwaya vilimnyima kwa pamoja.

Fersen aliishi miaka 17 baada ya malkia. Mwezi Mei 1810 mrithi wa kiti cha Uswidi, Karl August, alianguka kutoka juu ya farasi akafa ghafla. Madaktari walisema ni kiharusi. Mitaani ilisemwa kwamba amelishwa sumu, na kwamba aliyemlisha ni Fersen na dada yake. Tarehe 20 Juni, siku ileile ambayo miaka 19 nyuma aliondoka Paris na familia ya kifalme, Fersen alikuwa akiongoza maziko ya mrithi huyo mjini Stockholm. Umati ulimshusha kutoka katika gari lake ukampiga hadi kufa, askari wakitazama. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulimtakasa, akazikwa kwa heshima zote. Lililosemwa halikuwepo; lakini lilikuja, na likamkuta.